Baraza Alilooshewa Baba

Lokman alipiga simu nikiwa jikoni kwa Baba, nakunja sarungi zake safi za kujifunga kiunoni nimpelekee hospitali. Jua lilikuwa limeshatoka, lakini uani bado kulikuwa kumeloa mvua ya alfajiri. Nilidhani ananikumbusha tasbihi, kwa kuwa Baba alikuwa akiiulizia tangu jana. Akasema, "Kak Yah," yaani dada Zawiyah, ndiye mimi, kisha akanyamaza. Mdogo wangu huyu si mtu wa kunyamaza.

"Sema, Lokman."

"Baba ametangulia. Sasa hivi. Nilikuwa namsomea Yasini, nikafika katikati, nikaona kimya."

Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, nikakaa chini sakafuni na sarungi zikiwa mapajani. Nilimuuliza kama aliwahi kutamka shahada. Akasema alipopewa maji baada ya sala ya alfajiri midomo yake ilikuwa ikienda, na kidole kilinyanyuka. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, halafu nikalia, na Lokman naye akalia upande wake.

Tulipotulia akasema wauguzi wanataka kujua: aoshwe huko huko, au tunamchukua?

"Tunamleta nyumbani," nikasema. "Unajua mwenyewe alichotaka. Ataoshewa kwenye baraza lake."

Nilisikia magurudumu ya kitanda kinachosukumwa nyuma yake.

"Kak Yah, nenda kwanza ukaangalie chini ya baraza."

"Kuna nini chini ya baraza?"

"Nenda tu. Mimi natangulia na pikipiki, shemeji atakuja na gari la maiti makaratasi yakikamilika. Ila usinipigie kelele mbele za watu, dada yangu. Nakuomba."

Baba yetu, Embong, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa hapa hapa kijijini kwetu Lubuk Pandan na alikuwa fundi wa mabaraza. Hakuwa fundi wa nyumba nzima, ingawa angeweza. Kwetu nyumba zimesimama juu ya nguzo, na nyuma ya kila nyumba kuna baraza la mbao lisilo na paa. Hapo tunafua, tunaosha vyombo, tunatawadha, tunaanika samaki, na mwisho mwenye nyumba anaoshewa hapo kabla ya kuvishwa sanda. Ukipanda na mto kutoka kwetu mpaka maporomokoni, mabaraza karibu yote unayoyaona nyuma ya majumba yana mkono wa Baba.

Ujana wake aliutumia pwani kwa mafundi wa mashua. Kule alifundishwa kuunganisha mbao za chengali, mti wetu mgumu usiooza upesi, zikakamatana hata wembe usipite, na katikati ya mbao na mbao kutiwa ganda la mti ili maji yasipate mlango. Aliporudi kuoa, akamjengea Mama baraza. Alilijenga kama alivyofundishwa. Pak Deris, rafiki yake aliyefanya naye kazi maisha yote, hutusimulia kwamba watu walitoka vijiji vingine kuja kulitazama. Walivua viatu wakapapasa mbao kwa nyayo, wakasema ni kama kioo. Baba alikuwa akisimama pembeni na mikono nyuma, akijifanya hasikii.

Nilikuwa binti mdogo Mama alipofariki, lakini nakumbuka sauti. Wanawake walimwoshea kwenye baraza lile, na maji hayakwenda popote. Yalijaa. Baraza lilishika maji kama mashua inavyoyazuia, kisha yakaanza kurudi upande wa jikoni, juu ya kizingiti. Mak Teh, dada yake Baba, ndiye aliyekuwa muosha. Alisimama ndani ya maji ya josho mpaka kwenye vifundo vya miguu, akawa anayateka kwa kata na kuyamwaga nje ya ukingo. Kata inakwaruza ubao, maji yanamwagika chini, kata inakwaruza tena. Baba alikuwa ameketi chumbani nyuma ya pazia, na mimi nilikuwa mapajani pake. Kila kata ilipokwaruza, mwili wake ulishtuka.

Baada ya hitima ya kwanza alichukua mtaimbo akalibomoa baraza zima. Tangu siku ile hakupiga tena mbao mbili zikagusana. Kati ya ubao na ubao alisimamisha msumari mnene, akapigilia mbao, kisha akauchomoa msumari na kuacha mwanya. Migongo ya boriti aliipaka lami. Nguzo hazikuchimbiwa kwenye udongo, zilisimama juu ya mawe. Baraza aliliinamisha kidogo upande wa nje, na mfukoni alitembea na gololi ya kioo: anaiweka kwenye ubao na kungoja, na isipobingirika yenyewe kwenda nje, anang'oa. Chini aliacha wazi pande zote upepo upite, na maji yalipangiwa mfereji wa kuyapeleka kwenye shimo la kokoto, mbali na nguzo na mbali na kisima.

Hata hivyo hakutulia. Kila mvua ikikatika aliingia chini ya mabaraza ya watu, akapapasa mbao kwa kiganja. Alifanya hivyo hata arusini. Watu wanakula, yeye kaacha sahani na kuzama uvunguni.

"Pak Embong, umepoteza yai huko?" walikuwa wakimpigia kelele.

"Natafuta maji."

"Yako mtoni, mzee! Yamejaa tele!"

Akitoka na goti limelowa tope, wanacheka, naye anacheka nao, lakini ukimtazama unaona bado anawaza kuhusu nguzo ile ya kona.

Na hospitalini aliuliza hilo hilo. Kabla ya kuulizia tasbihi, aliuliza, "Chini ya baraza pakavu?" Mimi sikujua, maana nimeolewa ng'ambo ya mto na siku zote hizi nilikuwa kando ya kitanda chake. Lokman ndiye anayekaa naye. Akamjibu, "Pakavu kabisa, Baba. Ukirudi utapapenda."

Basi nikaenda kuangalia.

Kwa juu baraza lilikuwa lile lile, ila mbao tatu pale anapolazwa maiti hazikuwa chengali. Zilikuwa mbao nyeupe nyepesi, na nilipokanyaga, mmoja ulibonyea kama mkate. Nikashuka ngazi. Sikuuona uvungu. Niliona ukuta. Lokman alikuwa amezungusha matofali pande zote, akayapiga plasta na kupaka chokaa, na mbele kuna mlango wa bati. Ndani alikuwa amemwaga zege. Kulikuwa na magunia ya mbolea, tairi, na mashine ya kukatia nyasi, na harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Nikanyoosha mkono juu kama Baba alivyokuwa akifanya. Kiganja kilirudi kimelowa. Kwenye mbao nyeupe kulikuwa kumeota uyoga mdogo mdogo.

Nikapanda, nikajaza ndoo kisimani, nikaimwaga barazani. Maji yaliteremka kwenye mianya upesi kama Baba alivyotaka. Kisha nikayasikia chini, ndani ya ule ukuta, yanaanguka kama ndani ya tangi. Niliposhuka tena yalikuwa yamesimama juu ya zege, na ukingo wake ulikuwa ukisogea taratibu upande wa nguzo za jikoni. Shimo la kokoto halikuonekana. Lilifunikwa.

Nilichokiona akilini ni Baba yangu amelazwa juu, na maji ya mwili wake yamekusanyika chini yake, yananuka, na mtu ameshika kata.

Mak Teh alinikuta nimesimama hapo hapo na ndoo. Anakaa nyumba ya pili, na habari ilikuwa imeshamfikia. Tulikumbatiana, tukalia. Aliponiachia akatazama mlango wa bati.

"Nilimwambia," akasema. "Akaniambia, 'Mak Teh, hii ni stoo ya kisasa.' Nikamwambia kisasa chako kitanuka."

"Mbona hukunipa habari?"

"Nikupe habari umpelekee nani? Baba yako angetoroka hospitali na dripu mkononi. Unamjua au humjui?"

Namjua. Angetoroka.

Tok Imam alikuja kutupa pole na kupanga mambo. Nilimwonyesha. Aliinama, akachungulia, akainuka akishika kiuno. Alinipigia hesabu kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Zawiyah, mwanangu. Kuagiza mahali pa kuoshewa si jambo linalotufunga. Linalotufunga ni kutomchelewesha maiti. Msikitini kuna vigae, kuna bomba, maji yanakwenda. Nitangoja mpaka adhana ya adhuhuri. Ikifika adhana na maji hayajapata njia, tutamchukua msikitini, na marehemu hatapungukiwa kitu mbele ya Mola wake."

"Naelewa, Tok Imam."

Nilielewa. Ila alipoondoka nilijikuta natazama kivuli cha mnazi uani, na kila nilipogeuka kilikuwa kimefupika.

Lokman aliingia na pikipiki, hajavua kofia ya chuma, macho mekundu. Alinitazama, akatazama ukuta, akatazama watu walioanza kukusanyika. Sikumpigia kelele. Mak Teh hakuwa ameahidi.

"Karibu, bwana stoo."

"Mak Teh, leo niache."

"Nikuache vipi? Kaka yangu yuko njiani. Ulijenga kwa bidii, sasa bomoa kwa bidii."

"Nilitaka akirudi akute pazuri! Mbuzi walikuwa wanalala humo. Alikuwa anaingia na magoti yake mabovu kila siku, kila siku. Nikasema nikipaziba, hataingia tena, atapumzika." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Nilitaka apumzike."

Mak Teh akamvua kofia ya chuma kama mtoto, akampa nyundo kubwa iliyokuwa imeegemezwa ngazini.

Pigo la kwanza lilitetemesha baraza zima. Pak Deris, aliyekuwa anakuja kwa mwendo wake wa taratibu akiwa na kapu la zana, alipiga kelele kutoka barabarani. "Anza juu, we! Ukianza chini ukuta utakuangukia, tuwe na maiti wawili!" Vijana wa jirani wakaja na majembe na mtaimbo. Ukuta wa mashariki ukaenda, kisha wa magharibi, na mara tofali la mwisho lilipotoka upande wa pili, upepo ulipita. Niliusikia usoni. Ile harufu ya ndoo ilitoka nao, watu wakaziba pua, halafu ikapungua.

Zege ndilo lililotutesa. Lokman alikuwa ameliweka nene, na alikuwa ameliinamisha vibaya, kuelekea nyumba. Walichimba mfereji katikati yake kwa mtaimbo, mmoja anapiga, mwingine anaokota vipande. Mimi na wanawake wawili tulitafuta shimo. Nilijua liko usawa wa mti wa mkunazi, kwa kuwa Baba alituambia tusicheze hapo. Tukachimba, tukakuta zege, tukavunja, na chini yake kokoto zile zile za mtoni zikatokea, zimejaa udongo. Tukazitoa kwa mikono, tukazisuuza kwenye beseni, tukazirudisha.

Wakati huo huo gari la maiti likafika.

Wanaume wakaacha kazi wakaenda kumpokea. Walimlaza sebuleni, kichwa upande unaotakiwa, wakamfunika nguo ya batiki ya Mama iliyotunzwa kabatini. Nilifunua uso wake. Ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona kwa miaka. Kipaji cha uso kilichokuwa na mikunjo siku zote kilikuwa laini. Nikamsomea Fatiha. Watu wakaingia kumsomea Yasini, na nyuma ya nyumba nyundo zikaendelea kugonga. Wageni wengine walitazamana. Nilitamani kuwaeleza na nilishindwa.

Pak Deris akaniita jikoni. Alikuwa ameng'oa zile mbao tatu nyeupe na kubakiza shimo refu katikati ya baraza. Alizipondaponda kwa vidole nikaona.

"Hizi baba yako aliziweka za muda tu," akasema. "Zingekuwa na hewa, zingefika mwaka. Humo ndani zimekwisha. Hakuna wa kusimama hapo, wala hakuna wa kulazwa."

"Tuna chengali nyingine?"

"Kijiji kizima hakuna iliyokauka. Iliyobaki ya mwisho baba yako aliipasua mwenyewe." Akatazama juu darini. "Viunza vyake."

Nilikuwa nimesahau. Vilikuwa juu ya miti ya paa, vimefungwa kwa kitambaa: vile vibao vya kufunikia mwanandani, alivyovipiga randa kwa mkono wake kabla hajaugua na kulazwa. Pak Deris alitikisa kichwa, akicheka bila furaha.

"Niligombana naye. Nilimwambia, 'Embong, chengali hii itie barazani, kaburini hata mnazi unatosha.' Akaniambia, 'Kule hakuna upepo, Deris.' Hoja yake hiyo. Ungemjibu nini?"

Mak Teh alisikia, akaja na kisu cha kukatia vitunguu mkononi. "Vibao vya kaburi la mtu mnataka kuvipigilia barazani?"

"Havipigiliwi," Pak Deris akasema. "Natia skrubu. Akishaoshwa nafungua, navitoa, vinakwenda naye. Boriti zake alizipanga karibu karibu, viunza vinafika kutoka moja mpaka nyingine."

"Na watakaokanyaga?"

"Wenye udhu, Mak Teh. Wanaomwosha ndugu yako."

Shangazi alinitazama mimi. Nilimtuma mtu kwa Tok Imam, na jibu likarudi kwamba ubao ni ubao, muwe safi tu, na kwamba sasa anakwenda kutawadha kwa ajili ya adhuhuri. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotutimua.

Lokman alipanda darini. Alivishusha akiwa amevikumbatia kifuani. Vilikuwa na rangi ya asali, na kila kimoja Baba alikipaka mafuta kwenye ncha. Pak Deris alivipanga juu ya shimo, na Lokman, bila kuambiwa, akatafuta msumari mnene kwenye kapu, akausimamisha kati ya kibao na kibao. Msumari ukamponyoka, ukaanguka kwenye mwanya ukapotea chini. Akatafuta mwingine.

"Polepole," Pak Deris akamwambia. "Hujawahi kufanya kazi na mimi, ndiyo maana una haraka."

"Adhana inakuja, Pak Deris."

"Itakuja. Shika hapo."

Skrubu ya mwisho ilikuwa bado inazungushwa msikiti ulipoanza kuadhini. Lokman aliingiza mkono katika mfuko wa koti la Baba lililokuwa limetundikwa jikoni, akaitoa gololi. Aliiweka kwenye kiunza cha juu. Sote tukaitazama, hata wageni waliokuwa mlangoni. Ilikaa. Kisha ikajisogeza yenyewe, ikaenda, ikaruka mwanya wa kwanza, ikafika ukingoni, ikaanguka kwenye majani.

"Mwambieni Tok Imam," Mak Teh akasema, "aje hapa."

Baada ya sala walitundika sarungi na shuka kuzunguka baraza. Wanaume walimbeba. Walioingia ni Lokman, mume wangu, Pak Deris na Tok Imam mwenyewe. Mimi si wa kuingia, na jikoni sikuweza kukaa. Nilichukua jembe nikashuka, nikapita mbali na baraza, nikaenda kusimama kwenye shimo la kokoto.

Nilisikia Tok Imam akitia nia. Nikasikia kata ya kwanza. Maji yakaanguka chini ya baraza, pa, pa, pa, juu ya zege lililovunjwa. Nikatazama mdomo wa mfereji.

Hakukuwa na kitu.

Kata ya pili, ya tatu. Nilimsikia Lokman akisema, "Inueni mkono huu, taratibu." Maji yanaanguka, mfereji mkavu. Nikasema pengine udongo mkavu unayanywa kwanza. Lakini udongo haukuwa mkavu, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, nikapotea katikati, mimi ninayeisoma kila siku. Kwa mbali, chini ya baraza, niliona kitu kinameta: maji yamesimama, yanapanuka, yanatafuta upande wa jikoni.

Nikapiga magoti. Niliuingiza mkono ndani ya mfereji mpaka kwenye bega, shavu langu likiwa kwenye tope. Vidole vikagusa kipande cha zege kilichokaa mkingamo, na matope ya plasta yameganda nyuma yake. Nikavuta. Hakikutoka. Nikasema, Ya Rabbi, mfungulie, na sikujua nasema kuhusu nani. Nikakitikisa, nikakivuta tena kwa mikono miwili, kikatoka pamoja na ukucha wangu.

Maji yakaja.

Kwanza yalikuja machafu, na vumbi la matofali. Kisha yakaja na povu la majani ya mkunazi, jeupe, linazunguka juu ya kokoto na kuzama. Nilisogea nyuma nisiyakanyage. Yalikuja kata baada ya kata, na kila yalipokuja yalizama, hayakusimama. Mwisho yakaja masafi yenye harufu ya kafuri. Nilikaa pale kwenye majani mpaka yalipokatika yenyewe, na tone moja moja likafuata.

Mak Teh alinichungulia kutoka ngazini. "Vipi?"

"Yamekwenda."

"Yote?"

"Yote, Mak Teh."

Akafunika uso kwa ncha ya mtandio wake, akarudi ndani. Baadaye alikuja kunifunga kidole.

Walimvisha sanda sebuleni. Kabla hawajafunga upande wa kichwa waliniita. Nilikuwa nimebadili nguo na kutawadha. Nilifuta machozi vizuri, kwa kuwa Tok Imam alitukumbusha yasimdondokee, nikambusu kwenye kipaji cha uso. Kilikuwa baridi, na kilinukia kafuri. Nikamwambia, "Chini pakavu, Baba." Lokman alimbusu baada yangu na hakusema kitu. Nyuma ya nyumba Pak Deris alikuwa anafungua skrubu.

Alisaliwa uwanjani, kwa sababu watu walizidi nafasi ya ndani. Jeneza lilibebwa kwa miguu mpaka makaburini, na viunza vilibebwa na Lokman begani. Wanawake tulifuata nyuma, tukasimama penye mti wa kamboja, ule wa maua meupe unaopandwa makaburini. Waliteremka watatu kumpokea. Walimlaza kwa ubavu wa kulia, wakafungua vifundo vya sanda, wakaelekeza uso wake kibla, shavu likagusa udongo.

Kisha Lokman akaanza kuvipokeza viunza kimoja kimoja. Bado vilikuwa na unyevu. Aliyekuwa chini alikiweka cha kwanza, Lokman akampa cha pili, na nikamwona mkono wake unaingia mfukoni kutafuta msumari. Mchimba kaburi akatikisa kichwa. "Hapa tunabana," akasema. "Mchanga usimwingie." Lokman akautoa mkono. Walivibana vyote, kimoja dhidi ya kingine, na penye uwazi wakaziba kwa udongo wa mfinyanzi.

Walifukia kwa mikono kwanza, halafu kwa majembe. Tok Imam alikaa chini kichwani pake akasoma talakini. Tukaitikia dua. Mak Teh akamimina maji ya birika juu ya kaburi, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na yakanywewa na udongo. Watu wakatawanyika. Mimi na Lokman tulibaki kidogo, tukasoma Fatiha ya mwisho, tukamtolea salamu, tukarudi nyumbani.